"Dude" la Wamarekani: lina maana gani, na huitwa nani?

Muulizaji: Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi. Ninafanya kazi kwa njia ya mtandao na vijana wa Marekani, na katika ujumbe wao halikosekani neno "dude". Kamusi yangu inasema ni mwanamume, lakini jana kijana mmoja alimwandikia mwenzake wa kike, "Dude, you forgot the file" (umesahau faili), na hakuna aliyeshangaa. Je, nami ninaweza kumwita hivyo mkuu wa idara yetu?

Mchangiaji wa kwanza: Kamusi yako imekueleza nusu tu. Neno hili likitumika kumtaja mtu wa tatu, kama katika "that dude", huyo ni mwanamume. Likitumika kumwita unayezungumza naye, jinsia hulegea, kama sisi tunavyomwambia hata dada, "Acha utani, bwana." Wakati mwingine halimwiti mtu yeyote, bali ni kihisishi tu: likivutwa, "duuude", huonyesha mshangao au kuvutiwa, likikatwa ghafla kwa sauti ya kushuka, ni lawama. Ujumbe wa jana naona ulikuwa lawama ya kirafiki.

Mchangiaji wa pili: Niongeze historia yake, maana inachekesha. Neno hili lilivuma New York mwaka 1883 kama dhihaka kwa vijana watanashati waliojipamba kupita kiasi na kuiga mavazi ya Waingereza, na watafiti wa asili ya maneno hulihusisha na "doodle" la wimbo wa "Yankee Doodle". Huko magharibi mwa Marekani likawa jina la watu wa mjini waliokwenda kutalii kwenye ranchi, ndiyo sababu ranchi za watalii huitwa "dude ranch" hadi leo. Baadaye Wamarekani weusi na wale wenye asili ya Meksiko walilifanya neno la kuitana, kisha likadakwa na wateleza mawimbi wa California. Yaani neno la kumcheka mtu kwa suti yake likaishia kwa watu wasiovaa hata shati!

Mchangiaji wa tatu: Kuhusu mkuu wa idara, usithubutu, labda aanze yeye. Mwanaisimu Scott Kiesling wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, katika makala yake ya mwaka 2004 kwenye jarida la American Speech, alieleza kwamba neno hili hujenga ukaribu wa watu walio sawa, lakini ukaribu usiozidi kiasi, na kwa sababu hiyo lilipendwa hasa na vijana wa kiume. Anayelitumia hujiweka ngazi moja na anayeambiwa, na hapo ndipo penye hatari mbele ya mkubwa wako. Vilevile liepuke katika barua rasmi, na usimwambie mtu aliyekasirika "Dude, relax" (tulia), kwani utamzidishia hasira.

Muulizaji: Nashukuru sana. Nao wakiniita hivyo, ni lazima niwarudishie?

Mchangiaji wa tatu: Si lazima. Jibu hoja yenyewe. Wao hawatagundua kwamba hukulirudisha.