Mama ana uvimbe wa mafuta kwenye utumbo mpana, kinyama kimerudi "kawaida". Apasuliwe?

kijana_wa_Cheyo: Wakuu, niko Tabora, siku ya tatu hii silali. Mama ana miaka 58. Tangu Pasaka tumbo upande wa kulia linamkaba, linaachia, na mara nyingine choo kinatoka na damu. Tumemtibu amiba mara mbili, wapi. Juzi tukampeleka Mwanza, akapigwa kipimo cha kamera kupitia njia ya haja kubwa, na CT-skani. Daktari kasema ni lipoma, uvimbe wa mafuta, sentimita 5, mwanzoni mwa utumbo mpana. Si saratani, ila anataka kumpasua. Kinachonichanganya, kinyama walichokata kukipima kimerudi "kawaida". Mjomba anasema basi hana ugonjwa, tumpe asali mbichi. Nimsikilize nani?

nesi_mstaafu: Pole sana mwanangu. Majibu hayo hayagombani. Lipoma za utumbo nyingi hukaa chini ya utando wa ndani, na kikoleo cha kamera huchuna juu juu tu. Kinaleta utando usio na ugonjwa, mafuta yanabaki kulekule. Ndiyo maana daktari huubonyeza: ukiwa wa njano, ukabonyea kama mto kisha ukajaa tena, anaujua. Na kwenye CT mafuta yanaonekana meusi, sawa na yale ya chini ya ngozi ya tumbo.

Mzee_Kaliua: Mimi ninayo ya sentimita 1, niliambiwa niiache. Mwaka wa 4 huu. Msikimbilie kisu.

nesi_mstaafu: Kaka, yako ndogo na haikusumbui, hapo waliamua vizuri. Zikivuka sentimita 2 ndipo zinaanza kuleta shida, na ya mama inatoa damu. Mimi naogopa zaidi hiyo kukaba na kuachia. Uvimbe mkubwa huweza kuburutwa na utumbo, kipande kimoja kikaingia ndani ya kingine. Akianza kutapika, tumbo likajaa, choo na hewa visitoke, msingoje tarehe. Hospitali usiku huohuo. Kijana, muulize daktari kama uvimbe unatolewa kwa kamera au kwa upasuaji wa matundu madogo tumboni. Kwa ukubwa huo mara nyingi hukatwa kipande cha utumbo na kuungwa. Na apimwe wingi wa damu mapema.

kijana_wa_Cheyo: Asante mama. Nimemsomea mjomba yote. Amekaa kimya, kisha akauliza anaweza kuchangia damu wapi. Jumatatu tunapanda basi wote watatu.