Naomba ushauri: tiketi moja au mbili nikitokea uwanja mdogo wa ndege?

Habari zenu wakuu. Naombeni mwongozo, maana nimekwama na siku zinakwenda.

Mwezi ujao nampeleka mama kwenye matibabu, anatumia kiti cha magurudumu. Uwanja wetu ni mdogo, hauna taa za usiku, kwa hiyo jua likizama hakuna ndege inayoruka. Ndege yenyewe ni ATR 72, ile ya pangaboi, moja hiyo hiyo inazunguka vituo kadhaa kutwa. Ikichelewa asubuhi, abiria wa alasiri ndio wanaoumia.

Safari iliyopita niliondoka saa tisa alasiri, joto kali. Kwenye joto hewa huwa nyepesi na ndege hushindwa kuruka na uzito wote, basi mabegi yetu yakaachwa. Tukachelewa pia, ndege ya kuunganisha nikaikosa. Kwa kuwa tiketi zilikuwa mbili tofauti, shirika la pili halikunitambua. Nililipa upya, na iliniuma sana.

Nimeuliza kaunta, nikaambiwa "wahi tu". Sasa nina njia mbili: tiketi moja ya safari nzima, ghali, yenye dakika 70 za kuunganisha, au tiketi mbili, tuondoke asubuhi na kulala njiani usiku mmoja.

Waliowahi kusafiri na mgonjwa, dakika 70 zinatosha kweli kwa mtu wa kiti cha magurudumu? Na kwenye tiketi mbili, ombi la kiti cha magurudumu nilipeleke kwa kila shirika peke yake?