Mtoto wa miezi 8 haongezi kilo, ziwa kwanza au chakula kwanza?

Mama wa Langoni
Asalaam aleikum, habari zenu nyote. Naombeni ushauri maana nimelia mpaka nimechoka. Niko Lamu, mtoto wangu wa pili, msichana, juzi katimiza miezi 8. Alizaliwa na kilo 2.9, nikamnyonyesha tu bila kitu chengine mpaka miezi 6 akafika 6.1, kliniki wakanisifu. Tangu nianze kumpa chakula ndo mambo yakasimama. Miezi 7 alikuwa 6.3, juzi mizani ikasoma 6.4. Gramu mia mwezi mzima jamani! Kwenye kijitabu ule mstari wake uliokuwa ukipanda sasa umelala.

Homa hana, haharishi, anacheka, anakaa mwenyewe. Ila ile bangili aliyonunuliwa na bibi yake mwezi juzi ilikuwa imemkaa sawa, sasa akiinua mkono inateremka mpaka karibu na kiwiko. Hiyo bangili ndo inanikosesha usingizi kuliko hata mizani.

Nafanya kazi Mokowe, naondoka na boti saa moja asubuhi narudi saa nane mchana. Namwachia mavyaa, mamake mume wangu, uji chupa mbili, mtoto anamaliza zote. Nikirudi nikimpa ziwa ananyonya dakika mbili anageuza uso, anavuta leso yangu anacheza. Jioni nampondea wali na mchuzi wa samaki, vijiko vitatu kafunga mdomo.

Sasa kila mtu ana lake. Mavyaa anasema maziwa yangu yamegeuka maji, nimwachishe ale ashibe. Jirani naye kasema mbele za watu ati mtoto kabemendwa, yaani kadhoofu kwa kuwa mama kalala na mwanamume naye bado ananyonyesha, na mume wangu mvuvi yuko baharini wiki ya tatu hii. Nilirudi ndani nikajifungia. Nifanye nini? Nimwachishe kweli?

Mama Watatu, Malindi
Waalaikum salaam mamangu, pole sana. Usimwachishe!! Kwanza niambie huo uji wa chupa ukoje, maana ukiona uji unapita kwenye chuchu ya chupa jua hapo hakuna uji.

Mama wa Langoni
Wa sembe na sukari kidogo. Mwepesi ndio, na chuchu nimeitoboa ikawa kubwa kidogo ndo upite.

Nesi Mstaafu
Mwanangu, kliniki ya watoto nimekaa miaka mingi na hili lako nimeliona sana, halikuanzia kwenye maziwa yako. Maziwa ya mama hayageuki maji. Yanayotoka mwanzo yanaonekana mepesi, yenye mafuta mengi yanakuja mwisho, na mtoto anayenyonya dakika mbili akaacha hayafikii. Na kwa nini anaacha? Kwa sababu kashiba maji ya sembe. Tumbo la mtoto linabeba kama mililita 30 kwa kila kilo, la wako ni kama 190 hivi, kikombe cha 250 hakiingii chote. Ukishalijaza huo uji ziwa litakaa wapi?

Ulichouliza: kwa umri wake ziwa kwanza, chakula baadaye. Maziwa bado ndo yanampa zaidi ya nusu ya nguvu yake. Kwenye chakula, miezi 6 mpaka 8, anahitaji kama kalori 200 tu kwa siku, akiingia miezi 9 zinapanda kama 300. Ni kidogo lakini kwenye uji wa maji huzipati hata umnyweshe kutwa. Kwa hivyo mpe chakula kizito, milo 2 mpaka 3 sasa, akifika miezi 9 iwe 3 mpaka 4, na katikati kitu kama ndizi au embe. Anza vijiko viwili vitatu vya mezani, panda pole pole mpaka nusu ya kikombe cha 250.

Kujua uzito wa uji ni hivi, chota kijiko kisha kiinamishe. Ukimwagika kama chai urudishe jikoni, ukikaa kwenye kijiko ukashuka kwa kujivuta huo ndo wenyewe. Tia kijiko kidogo cha mafuta au tui zito, kijiko kimoja cha chai cha mafuta kina kalori kama 40 na tumbo halijui kama kimeingia. Na hiyo chupa iache kabisa, kikombe na kijiko. Chupa haisafishiki vizuri, na mtoto akianza kuharisha hata hizo gramu mia utazitafuta.

Asubuhi mnyonyeshe kabla ya boti, kamua umwachie bibi yake kwenye kikombe chenye kifuniko. Kwa joto letu hili yasikae nje zaidi ya masaa manne, kama kuna friji yatie friji. Kuyapasha weka kikombe ndani ya maji ya moto, usiyachemshe. Ukirudi tu, kabla hujavua buibui, ziwa. Na usiku anyonye atakavyo, usimhesabie.

Kilo sasa. Msichana wa miezi 8 wa katikati ana kama 7.9, mstari wa chini unapita 6.3. Wako bado yuko juu yake lakini kidogo sana, usingoje mwezi uishe, mrudishe baada ya wiki mbili wampime na mkono kwa ule utepe wa rangi. Sentimita 12.5 kwenda juu ni kijani, 11.5 mpaka hapo ni manjano, chini ya 11.5 ni nyekundu na hiyo ni siku hiyo hiyo hospitali. Akivimba miguu au akikataa kunyonya kabisa usingoje siku yoyote.

Kijana wa Mpeketoni
Si ampe tu maziwa ya kopo yaishe?

Nesi Mstaafu
Mama ana maziwa yake, mwanangu. Akianza kopo mtoto atanyonya kidogo zaidi, na akinyonya kidogo maziwa yanapungua. Tena kopo bei yake watu huishia kulizimua liende wiki mbili, tunarudi kule kule kwenye maji.

Baba Wawili, Shela
Mimi ni baba lakini niongezee. Kijana wangu alikuwa hivi hivi, akila kidogo analala lala, tukadhani ni uvivu. Kumpima damu ikaonekana iko chini. Tulikuwa tukimpa chai ya maziwa kila mlo ili chakula kiteremke, daktari akatwambia chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Tukaacha chai, akapewa dawa ya maji ya kuongeza damu, na maini ya kuku ya kuponda. Hamu ya kula ikarudi. Dada muombe wampime damu na mkojo pia, mtoto anaweza kuwa na maambukizi ya mkojo na homa usiione.

Mama Watatu, Malindi
Mimi wangu wa mwisho nilimtoa kwa boga na samaki. Changu au pono, chemsha, halafu kaa chini uchambue miba kwa vidole, usiamini macho, pitisha vidole mara mbili. Ponda na boga au kiazi kitamu, tui la kwanza vijiko viwili, chumvi usitie. Siku nyengine kunde zilizoiva zikalainika uzitoe maganda, siku nyengine yai. Asali ngoja mpaka afunge mwaka.

Bi Mkubwa wa Pate
Mwanangu hilo neno la kubemendwa lisikutoe machozi. Sisi tumelikuta na wengi wameumizwa nalo bure. Mtoto ana ndaa tu. Na kunyonyesha Mola katutajia miaka miwili kamili, wewe uko miezi 8, usikubali. Na huyo mavyaa usigombane naye, yeye ndiye anayekaa na mtoto. Mpeleke kliniki nawe, aambiwe na nesi kwa masikio yake. Mtoto akifunga mdomo ngoja, zungumza naye, mwimbie, mpe tena. Msimshike pua wala msimlazimishe.

Mama wa Langoni
Nimerudi baada ya wiki tatu, mashallah. Nilimpeleka na mavyaa kama alivyosema Bi Mkubwa. Mkono 12.7, kijani. Mkojo safi, damu kidogo iko chini, kapewa dawa. Nesi wa hapa alimwinamishia mavyaa kijiko mbele yake na tangu siku hiyo kila uji lazima auinamishe yeye mwenyewe ndo utoke jikoni. Sembe tumeacha, ni wimbi na tui. Leo kapimwa 6.75! Na ziwa sasa nikirudi analikimbilia, analia nikichelewa kukaa.

Ila choo kimekuwa kigumu, anajikamua mpaka anakuwa mwekundu. Nirudishe uji uwe mwepesi?

Nesi Mstaafu
Alhamdulillahi. Uji usiuguse. Papai lililoiva vijiko viwili vitatu mchana, na maji yaliyochemshwa yakapoa, kidogo kwa kikombe baada ya chakula, si kabla. Hiyo dawa ya damu nayo hufanya choo kigumu na cheusi, usiikatize. Siku tatu zikipita hajapata choo, au ukiona damu, nenda kliniki.