Je, ni kweli kwamba akili ya msichana haikuumbiwa Fizikia?

Baba wa Majengo (Moshi)

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaomba mawazo yenu kuhusu jambo lililoninyima utulivu tangu kikao cha wazazi cha wiki iliyopita. Binti yangu yuko kidato cha pili, na baada ya upimaji wa kitaifa atatakiwa kuchagua kati ya masomo ya sayansi na ya sanaa. Alama zake za Hisabati na Fizikia ni sawa na alizokuwa akipata kaka yake katika darasa hilohilo. Hata hivyo mwalimu mmoja, ambaye naamini alikuwa na nia njema, alinishauri nimwelekeze kwenye sanaa kwa maelezo kwamba ubongo wa mwanamke umeumbwa kwa ajili ya lugha na huruma, na wa mwanamume kwa ajili ya mahesabu na mitambo. Ushauri huo haukuniumiza kama nilivyoumia kuona kwamba binti, aliyekuwa ameketi kando yangu, hakushangaa hata kidogo. Tulipokuwa kwenye daladala tukirudi nyumbani aliniambia kwamba hata yeye anajua wavulana ndio wenye akili, ila yeye hufaulu kwa sababu anajitahidi. Je, sayansi inasema nini hasa?

Mwalimu wa Fizikia (Arusha)

Ndugu mzazi, pole. Nianze na ubongo wenyewe, kwa kuwa ndio unaotajwa kila mara. Ni kweli kwamba ubongo wa mwanamume kwa wastani ni mkubwa kuliko wa mwanamke kwa takriban asilimia 10, lakini hata mwili wake ni mkubwa zaidi, na katika vipimo vya jumla vya akili wastani wa jinsia hizi mbili haupishani kwa kiasi cha maana. Mwaka 2015 Daphna Joel na wenzake walichapisha uchunguzi wa picha za bongo zaidi ya 1,400. Walikuta kwamba ni watu wachache sana wenye ubongo ambao sehemu zake zote zinaelekea upande mmoja, wa kike au wa kiume. Wengi wetu tuna mchanganyiko.

Kuhusu uwezo na tabia, mwanasaikolojia wa Marekani Janet Hyde alikusanya mwaka 2005 chambuzi 46, kila moja ikiwa imeunganisha tafiti nyingi, akakuta kwamba asilimia 78 ya tofauti zilizopimwa kati ya wanaume na wanawake ni ndogo au zinakaribia sifuri. Hisabati imo humo.

Maneno ya binti yako ndiyo yaliyonigusa zaidi. Lin Bian, Sarah-Jane Leslie na Andrei Cimpian waliwauliza watoto wa Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ni nani mwenye akili nyingi sana. Wakiwa na miaka 5, wavulana na wasichana walikuwa sawa katika kuipa jinsia yao sifa hiyo. Kuanzia miaka 6 wasichana walirudi nyuma, wakaanza pia kuukwepa mchezo ulioelezwa kuwa ni wa watoto wenye akili nyingi sana, ilhali walikiri kwamba wasichana ndio wanaopata alama nzuri shuleni. Ndicho hasa alichokueleza binti yako kwenye daladala. Alama zake anaziona, ila amekwisha fundishwa kuzisoma kama ushahidi wa jasho tu.

Mzee wa Kibosho

Wanangu, mimi ni mzee na nimelea watoto sita, wavulana watatu na wasichana watatu, kwenye kihamba kimoja. Sikuwafundisha wavulana kutengeneza magari ya waya, walianza wenyewe, na dada zao hawakuyajali. Kusema kwamba hakuna tofauti yoyote ni kuyafumbia macho yale tunayoyaona kila siku. Mwalimu, kuwa mkweli kwetu.

Mwalimu wa Fizikia (Arusha)

Shikamoo mzee. Una haki ya kudai ukweli wote. Zipo tofauti za wastani ambazo si ndogo, kwa mfano katika ukali wa kimwili, na katika mtihani ambapo mtu anaonyeshwa umbo na kutakiwa kuligeuzageuza akilini. Homoni nazo zina mchango: wasichana ambao tezi zao za adrenali ziliwazidishia homoni za kiume wakiwa tumboni huvutiwa zaidi na michezo inayohesabiwa kuwa ya wavulana. Hata hivyo wastani wa kundi haumwelezi mtu mmoja. Hata katika huo mtihani wa maumbo, wako wanawake wengi wanaomzidi mwanamume wa kawaida.

Mpima Ardhi wa Usa River

Shikamoo mzee, na salamu kwako baba. Ninapima viwanja kwa mwaka wa tisa sasa, na ningependa kuongeza neno juu ya hayo magari ya waya. Wakati kaka zao wanakunja waya na kupanga magurudumu, wale dada walikuwa wapi? Kwetu tulikuwa mtoni kuchota maji au jikoni. Kukunja waya ni mazoezi ya kuona umbo akilini, na mazoezi hayo huzaa matunda: utafiti wa Toronto wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba saa 10 tu za kucheza mchezo wa kompyuta wa mapambano ziliwainua wanawake kuliko wanaume, na pengo katika mtihani wa maumbo likapungua.

Tena tusisahau jirani zetu wa Monduli na Longido. Katika boma la Kimaasai mwanamke ndiye hujenga nyumba: anachimbia nguzo, anafunga fito, anakandika kwa udongo na samadi. Hakuna anayedai kwamba ubongo wake haukuumbiwa ujenzi. Akivuka barabara kuingia mjini, fundi mwashi anakuwa mwanamume, na sababu inayotolewa ni maumbile.

Wamaasai wa Tanzania wamo pia katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na Uri Gneezy na wenzake. Watu walirusha mpira wa tenisi kwenye ndoo na kuchagua ama kulipwa kwa kila mpira ulioingia, ama kushindana na mtu mwingine kwa malipo mara tatu iwapo wangemshinda. Kwa Wamaasai, asilimia 50 ya wanaume walichagua kushindana, na wanawake asilimia 26. Kwa Wakhasi wa India, ambao ukoo na mali hufuata upande wa mama, wanawake walikuwa asilimia 54 na wanaume 39. Kama woga wa ushindani ungekuwa wa maumbile peke yake, sijui Wakhasi tungewaweka wapi.

Baba wa Majengo (Moshi)

Nawashukuru nyote, na mzee pia, kwani swali lako lilikuwa langu ingawa sikuthubutu kuliuliza. Nimemsomea binti majibu haya yote. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akataka nirudie habari za watoto wa miaka 6. Jumatatu nitarudi shuleni kuzungumza na mwalimu yule kwa upole, tena binti akiwepo, maana maneno yale yalisemwa mbele yake. Dada wa Usa River, kama utakuwa na kazi ya upimaji upande wa Moshi wakati wa likizo ya Desemba, ningeomba umruhusu aje akusaidie kushika vifaa hata kwa siku mbili.