MREJESHO: Kriketi ya vijana wetu Nyakato

Wakuu, niliuliza hapa vijana wetu wa Nyakato, Mwanza, waanzeje kriketi bila vifaa. Asanteni sana. Yule aliyesema tuzungushie mpira wa tenisi tepu ya umeme ametuokoa: unakwenda kasi, na hauumizi kama ule wa ngozi.

Kazi ilikuwa njia ya kuchezea, ile ya katikati ya uwanja ambako mpira unarushiwa mpigaji. Yadi 22, yaani mita 20 na kidogo, na mnajua mawe ya Mwanza! Tuling'oa, tukamwagia maji, tukashindilia siku tatu. Fundi seremala akatuchongea vijiti vinavyosimamishwa nyuma ya mpigaji ili mrushaji avilenge, na ubao wa kupigia.

Jumamosi tumecheza ova 10 kila upande; ova moja ni mipira sita ya kurushwa, kwa hiyo mipira 60. Wamama wa mtaani walijaa kutazama. Nimefurahi mno. Sasa wasichana nao wanataka timu yao, tunaanza nao Jumanne.