Naomba ushauri: mtoto anakokotoa kwanza, ndipo anakadiria

Habari zenu wakuu. Naomba msaada, hasa kwa walimu wa hisabati shule za msingi.

Binti yangu yuko darasa la tano. Kujumlisha yuko vizuri: anapanga namba wima, anaanza na mamoja, hakosei. Shida ni makadirio. Akiambiwa akadirie 2,430 + 3,380 kwa maelfu ya karibu, anajumlisha kabisa, anapata 5,810, halafu anaandika 6,000. Darasani wanataka kila namba ikadiriwe kwanza, 2,000 + 3,000, jibu 5,000. Basi anakoseshwa, na ananiuliza, "Mama, si 6,000 ndiyo iko karibu zaidi?"

Na ni kweli iko karibu zaidi! Nimemweleza kwamba makadirio hufanywa kabla ya kukokotoa, ili ukipata 58,100 ushtuke mapema. Nikamwonyesha pia kwa mamia: 2,400 + 3,400 ni 5,800, pungufu ya 10 tu. Hapo aliifurahia, ila ya maelfu bado haimwingii.

Kuna la pili. Tukienda sokoni na noti ya elfu kumi, mimi kila bei huipandisha juu, 1,300 naihesabu 1,500, nisije nikapungukiwa wakati wa kulipa. Kanuni ya shule haiko hivyo. Je, nimfundishe na hii sasa hivi, au nitamchanganya kabla ya mtihani? Na mazoezi gani yatamfanya akadirie kichwani bila kushika kalamu?