Laptopu mpya yenye RTX 5070: VRAM ni 8, 12 au 24? Tupeane uzoefu

Mkazi wa Changanyikeni
Wakuu, habari za jioni. Kuna muuzaji wa Kariakoo ameweka kwenye stetasi laptopu mpya, bado imo kwenye nailoni yake: kadi ya picha (GPU) ya NVIDIA RTX 5070, RAM 32GB, na chini kaandika kwa herufi kubwa VRAM 24GB, yaani kumbukumbu ya kadi yenyewe. Nikampigia, akasema ndiyo, 24. Jamaa yangu wa ofisini anabisha, anasema ni 12, kasoma mwenyewe mtandaoni. Mwingine anasema 8. Kazi yangu ni kugeuza sauti za mahojiano ya Kiswahili kuwa maandishi kwa Whisper, programu ya akili bandia, na ile modeli yake kubwa inataka takriban 10GB za VRAM. Kwa hiyo kati ya 8 na 12 ndipo ulipo ugali wangu. Mliowahi kununua kwa kuamini stika, njooni mseme yaliyowakuta.

Fundi wa Gerezani
Wote watatu wana pa kushikia. 12 ni ya 5070 ya kompyuta ya mezani. Ya laptopu, iliyotangazwa Las Vegas Januari 2025, ina 8. Hiyo 24 naijua inakotoka. Ukifungua Task Manager, ile programu ya Windows inayoonyesha mashine inavyotumika, upande wa GPU unakuta namba mbili: kumbukumbu iliyomo kwenye kadi yenyewe, na kumbukumbu ya kuazima kwenye RAM. Windows inairuhusu kadi iazime hadi nusu hivi ya RAM. Nusu ya 32 ni 16, jumlisha 8, hiyo hapo 24. Muuzaji kasoma jumla akaiandika.

Kijana wa Tanga
Kweli tupu. Yangu stika ilisema 6, kadi ilikuwa na 2.

Mpiga Video Mbezi
Mmenigusa penye kidonda. Mwaka nilioanza kupiga video za 4K, zile za ubora mkubwa, nilinunua laptopu kwenye duka moja hapa mjini, stika imeandikwa grafiksi 10GB. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa harusi. Makubaliano yalikuwa mchana tupige kanisani, usiku kabla ya keki tuonyeshe ukumbini dakika chache za siku hiyo hiyo. Na bibi harusi alinipa kwa siri sauti ya marehemu baba yake, aliyomrekodi akiwa mgonjwa, anamuusia mwanawe. Niiweke chini ya picha za kanisani. Mama mtu hakuwa na habari.

Nikajifungia kwenye kachumba nyuma ya jukwaa. Picha za kanisani zilikuwa na chenga kwa sababu ya mwanga hafifu, nikaweka kichujio cha kuondoa chenga, nikarenda, yaani nikaiamuru mashine itoe video kamili. Ikafika njiani ikasimama: kumbukumbu ya GPU imejaa. Nikafunga kila kitu, nikarudia, ikasimama pale pale. Namsikia MC anatangaza, "ndugu wageni waalikwa, tegeni macho kwenye skrini." Umeme ukakatika. Jenereta ikachelewa kushika, mashine ikawa ya betri, na kadi ikiwa kwenye betri hukatiwa nguvu, kwa hiyo hata kile kidogo ilichokuwa inafanya ikawa inakokota. Kaka wa bibi harusi anagonga mlango kwa ngumi. Mwenzangu wa kamera ya pili ndiye aliyefungua Task Manager akanisomea kwa sauti: 2GB. Zile 8 nyingine zote za kuazima. Kijasho chembamba kilinitoka, si kwa kuogopa kudaiwa hela, bali kwa ile sauti ya mzee iliyokuwa imekwama mle ndani.

Dada wa Ilala
Kaka, video ilionyeshwa? Usituache njia panda.

Mkazi wa Changanyikeni
Hata mimi nimesahau laptopu, nasubiri harusi.

Nairobi Michoro
Wakati tunangoja: mimi nachora majengo, niko Nairobi. Mashine yangu ni ex-UK, yaani mtumba wa Uingereza, kadi ina 4GB. Nyumba moja ya kawaida inaenda vizuri. Siku niliyoleta mtaa mzima, na miti na magari, programu ilijifunga bila kwaheri. Kwa kazi yangu naona 8 ni kidogo, na mtu akiniambia inatosha nitamuuliza anafanya kazi gani.

Mzee wa Gemu
8 inatosha. Shusha ubora wa tekscha, yaani sura za vitu kwenye gemu, kutoka juu kabisa hadi wa kati, hutaona tofauti kwenye kioo cha inchi 15. Watu wanakuza mambo.

Nairobi Michoro
Boss, mteja wangu hanilipi nishushe ubora wa picha. Gemu na kazi ni vitu viwili.

Mzee wa Gemu
Basi nunua ya mezani na jenereta lake, uwe na TANESCO yako.

Nairobi Michoro
Huku ni Kenya Power.

Mwalimu wa Tufaha
Mimi hesabu hizi niliziacha. Tangu Apple watoe chipu ya M1 Novemba 2020, kumbukumbu ni bwawa moja, CPU (ubongo wa kompyuta) na GPU zinachota humo humo. Hakuna VRAM ya kuazima wala ya kumiliki. Fundi anavyosema ya kuazima haina maana anapotosha watu.

Fundi wa Gerezani
Mwalimu, soma tena, sijasema haina maana. Kuazima hakufanani. Kwenye laptopu yenye kadi ya pekee, data ikitoka RAM inapita njia ya PCIe inayounganisha kadi na kompyuta, na njia hiyo inabeba makumi ya gigabaiti kwa sekunde tu. Kumbukumbu ya aina ya GDDR7 iliyo kwenye kadi inabeba mamia. Ni sawa na seremala mwenye mbao mezani na seremala anayetuma mtoto Buguruni kila anapotaka ubao. M1 haina safari hiyo, na hata chipu ya Ryzen AI Max+ 395 ya AMD haina. Ile ukiwa na RAM ya 128GB unaweza kuitengea GPU 96. Lakini hizo RAM hazichomoki. Ukinunua kidogo, umenunua kidogo mpaka mwisho.

Mwalimu wa Tufaha
Hapo tumeelewana. Ila ungeanza hivyo.

Binti wa Kisauni
Naomba kuuliza, kwa nini NVIDIA hawakuweka hizo 12 tu kwenye 5070 ya laptopu? Kuna uvumi itakuja toleo la 12.

Fundi wa Gerezani
Dada, iko hivi. Kadi hiyo ina njia ya kumbukumbu ya biti 128, na kila chipu ya kumbukumbu inashika biti 32. Kwa hiyo chipu ni nne. Chipu moja ni 2GB, nne ni 8. Ila GDDR7 ina chipu za 3GB pia: 5090 ya laptopu ina njia ya biti 256, chipu nane za 3GB, ndiyo maana ina 24. Weka hizo za 3GB kwenye nafasi nne unapata 12. Kwa hiyo uvumi una mantiki. Lakini huwezi kurendea mantiki. Nunua kilichopo sandukuni.

Mhenga wa Kadi
Msishangae namba kuwa na ukweli nusu. Kadi ya GTX 970 ya mwaka 2014 ilikuwa na 4GB kweli, lakini 3.5 za kasi na 0.5 ya polepole. Wanunuzi Marekani walikwenda mahakamani, na mwaka 2016 NVIDIA ikakubali kulipa dola 30 kwa kila kadi.

Kijana wa Tanga
Sisi dola 30 zetu tukadai wapi?

Mpiga Video Mbezi
Samahani, nilikuwa na mteja. Ilionyeshwa. Yule mwenzangu alisema toa kichujio, shusha kutoka 4K hadi 1080, acha chenga zibaki. Ikapita. Tulitoka na fleshi keki imeshaletwa. Sauti ya mzee ilipoanza, mama alisimama peke yake katikati ya ukumbi, hakuna aliyemwambia akae. Chenga hakuna aliyeziona. Lakini nasema kwa uchungu: aliyeandika 10 kwenye ile stika alijua kuna 2. Angeandika zote mbili, nami ningepanga kazi yangu kwa kadi niliyo nayo.

Dada wa Ilala
Nimelia kazini.

Binti wa Kisauni
Mungu amrehemu mzee.

Mzee wa Gemu
Kwa hiyo 1080 ilitosha. Nilisema mimi.

Nairobi Michoro
Wewe mzee!

Mhenga wa Kadi
Mtoa mada, nenda dukani na programu ya GPU-Z kwenye fleshi. Inasoma kadi yenyewe, si stika, na tangu 2018 inakuandikia kabisa kama kadi ni ya kughushi. Uliza na wati: kadi ya jina moja kwenye laptopu nyembamba hupewa umeme mdogo kuliko kwenye nene. Na ijaribu ikiwa kwenye chaja.

Kijana wa Tanga
Mimi nasema usinunue, subiri ya 12.

Mwalimu wa Tufaha
Ukisubiri kila toleo utastaafu unasubiri. Na kwa Whisper si lazima ile kubwa. Ipo turbo, ya 2024, inataka takriban 6GB. Hiyo inakaa ndani ya 8. Ila usichukue neno la mtu, ipime kwa Kiswahili chako.

Mkazi wa Changanyikeni
Asanteni sana wakuu. Jumamosi naenda na GPU-Z, turbo, na sauti ya mzee mmoja wa Kilwa anayeongea haraka na kumeza maneno. Ikiandika anachosema mbele ya macho yangu, nalipa bei ya 8, si ya 24.

Fundi wa Gerezani
Dai na risiti iandikwe 8GB. Duka likikataa kuandika, toka.